Ombi la Kucheleweshewa Kahawa

Kwako Shemeji Mekuria, mkubwa wa familia,

Baada ya salamu zinazokustahili, ninaandika kuomba uamuzi wako kuhusu kahawa ya mama yako.

Daktari wa mjini Dessie ameniagiza nimeze kidonge cha tezi ya shingo kila alfajiri, kisha nikae saa nzima bila kahawa. Mama huipika alfajiri hiyohiyo. Nilipokataa kikombe alifoka, "Miaka ishirini unakunywa, leo ndipo nimekuwa na jicho baya?" Akamchukua dada yako, wakahamia kwa jirani.

Kwa hakika dawa inafaa. Sisinzii tena kanisani, na sauti imenirudia, ila wa kuzungumza naye hayupo.

Tafadhali amua: Mama acheleweshe kahawa, au nirudie kusinzia nikiwa na mke?

Shemeji yako mtiifu,
Gebreyes Woldu