Panya Wako Wamekufa, Mama Koku

Shikamoo, Mama Koku.

Nimeanza kukuandikia mara mbili nikaacha kwa hasira. Leo naandika hivyo hivyo. Panya wako wamekufa. Chumba kizima.

Tangu tukuzike kule Bukoba, maabara yetu hapa Mwanza alikabidhiwa Daktari mgeni, kijana mwenye haraka. Wiki ya kwanza tu akasema taratibu zako ni za kizamani. Viatu vya kubadilishia mlangoni akaviondoa. Wageni wakawa wanaingia na simu mkononi, wanawapiga picha wale panya wasio na manyoya, wanacheka. Nikamwambia, "Daktari, hawa hawana kinga. Kijidudu kinachokaa kwenye ngozi yako bila kukusumbua, kwao ni kifo." Akajibu, "Sawa Kabula, tutaliangalia." Mama, hilo "tutaliangalia" nimelichoka.

Kisha jike mmoja akavimba jicho. Baada ya siku mbili wakawa wanne, na majipu shingoni, wakaanza kufa. Daktari akalaumu chakula, tukabadilisha chakula. Akalaumu maranda ya kulalia, tukatupa maranda yote. Wakaendelea kufa. Na unajua walibeba nini: uvimbe wa taya tuliotoa kwa watoto wa wodini ili tuujaribie dawa. Nikawa nazunguka nyuma ya jengo nisipite wodini.

Mwishowe nikagombana naye mbele ya watu. Nikataka tupimwe sote, pua na mikono, ijulikane nani kaleta bakteria. Nilikuwa na uhakika ni yeye. Hata maneno ya kumwambia nilishayapanga.

Majibu yakarudi. Daktari hana kitu. Aliyekutwa na bakteria wale wale wa kwenye majipu ni mimi. Puani.

Joto la chumba kile unalijua. Nikiwa peke yangu nilikuwa nashusha barakoa, najiambia dakika mbili tu. Ulipokuwepo ulikuwa unaipandisha kwa kidole chako mwenyewe: "Pua, Kabula, pua." Hukuwepo, nikashusha.

Daktari hakunilaumu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angenifokea ningepata pa kuanzia. Alisema tu, "Tuwamalize waliobaki, tuoshe chumba, tuanze upya." Niliwamaliza mwenyewe kwa gesi, kizimba baada ya kizimba. Kisha tukarudisha viatu mlangoni, mimi na yeye.

Jumatatu zimefika jozi nne za panya wapya, safi. Jana mama mmoja wa Misungwi amekubali tuchukue kipande cha uvimbe wa mwanawe. Nilimweleza yote yaliyotokea, na kwamba chanzo ni mimi. Akasema, "Basi safari hii muwe makini."

Pumzika, Mama Koku. Sitakuahidi kwamba hawataugua tena. Nakuahidi hili tu: wakiugua nitajipima mimi kwanza, kabla sijatafuta wa kumlaumu.

Ni mimi uliyenitoa kwenye ufagio ukanifundisha kazi,
Kabula