Rangi ya Kucha kwenye Chesisi

Jumatatu, 7 Aprili
Mwanafunzi kaleta tena tasnifu yake dukani nichape. Modeli ya nyufa za chuma. Kwa ninavyoelewa: chuma kikikunjwakunjwa huchoka, kikikunjwa huku kimelowa chumvichumvi, huchoka mapema, tena bila taarifa. Hali hiyo anaiita uchovu. Nimecheka. Chuma nacho kitaomba likizo.

Kisha nikakumbuka pikapu ya mume wangu. Kupanda milima ya Mgeta na mbolea, nayo ni chumvi tupu, kushuka na kabichi na abiria juu yake. Masika yote. Sijacheka tena.

Jumatano, 9 Aprili
Modeli yangu ni vibanio vya karatasi, mali ya duka. Kimoja kikavu, kingine kwenye maji ya mbolea tangu juzi. Leo nimevikunja. Cha mbolea kimekatika kama biskuti. Kikavu kimenichosha vidole.

Jioni nimeingia chini ya gari, nasema natafuta kuku. Ufa upo, kwenye chesisi, fremu inayobeba gari zima, karibu na springi. Mwembamba kama unywele. Nimemwambia Baba Neema.

"Chuma kinachoka, Mama Neema? Basi kipe pole."

Kesho anapaka chesisi rangi, ukaguzi umekaribia. Kwetu kitu kikipakwa rangi kimepona.

Alhamisi, 10 Aprili
Kapaka. Inang'aa kama viatu vya mchungaji. Alipokwenda kunywa chai nimerudi chini. Ufa hauonekani, ila ukucha unauhisi. Pale unapoishia nimeweka tone la rangi ya kucha, nyekundu.

Nimemwomba kesho asiende. Mbolea ya watu ishapakiwa, kasema. Naogopa.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Dukani nimeharibu kurasa nyingi za tasnifu. Simu yake haipatikani. Mlimani mtandao hakuna, najua. Kujua hakusaidii.

Karudi jioni. Mzima, na kabichi. Nimemkasirikia kwa kuwa mzima.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimemlaza chini ya gari na tochi. Ufa umepasua rangi yake mpya, umelipita tone langu upana wa kidole.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi. Ulipokuwa unakunywa chai."

Katoka chini ya gari. Kisha kawapigia simu wenye mzigo wa Jumatatu: safari hakuna.

Jumanne, 15 Aprili
Gari liko juu ya mawe. Fundi kakata kipande kilicholiwa, kaunga kingine. Baba Neema hajasema nilikuwa sahihi. Hatasema, namjua.

Jioni kaja jikoni, kanawa mikono, kauliza ile rangi yangu ya kucha iko wapi. Kaenda nayo uani, kaingia chini ya gari, penye kiungo kipya. Nimemsikia akiiambia chesisi pole.

Kichupa kakirudisha. Kimefungwa vizuri.