Yaya Yasmine, Usipake Ile Pomadi

Naviundu, Lubumbashi
Tarehe 9 septemba 2025

Mpendwa yaya Yasmine, dada yangu,

Asalam aleikum. Uko muzima? Habari ya mwili, habari ya nyumba yote kule Kasomeno? Mugongo wa Mama Amida umepoa kidogo? Shiye huku tuko bazima, tunashukuru Mungu. Baba anakohoa juu ya vumbi, mais anaenda ku kazi. Mutoto wa yaya Ramla ananyonya vizuri, anakwisha kuanza kucheka peke yake akiangalia dirisha.

Nasikia uko ndani tangu juma iliyopita, unangojea ndoa yako na Alimasi, hakuna kutoka inje mupaka tarehe 20. Nafurahi juu yako, yaya, vraiment. Mais siandike leo juu ya furaha. Ile makopo mbili ya pomadi yenye nilikutumia, usipake. Kama ulianza, simama leo leo. Soma mupaka mwisho, utaelewa.

Unayua kazi yangu. Hakuna mwalimu alinifundisha, nilijifunza mi mwenyewe ku telefone: kukata foto, kuweka maandiko, kurekodi sauti. Sasa bauzaji mingi ba ku soko bananilomba publicité, matangazo ya kuvuta bateja. Ile mégaphone inasema «Mama, ngozi yako inachoka? Kuya kwa papa Kapya», ni sauti yangu ile.

Papa Kapya anachanganya pomadi yake mwenyewe mu ndoo, na mwiko wa kusonga bukari, kiisha anajaza mu makopo haina hata jina. Siku moja nilimuuliza anaweka nini ndani. Akasema: «Bya miti tu, mutoto wangu. Weye weka sauti.» Basi nikaweka sauti. Na nikaongeza yangu: «Hakuna danger, hata mutoto anaweza kupaka.» Yee hakunilomba niseme ile. Ni mi nilitunga, juu ilikuwa inaimba muzuri mu masikio. Tangu siku kumi ile maneno inanizunguka mu kichwa, naikaa nasimama, naikaa nasimama.

Ni sababu yaya Ramla alikaa ndani siku makumi ine kiisha kuzaa, sawa vile bamama betu banafanya, na kila asubui alikuwa anapaka ile pomadi ili atoke muzuri. Sura yake ilikuwa inangaa, yaya. Bashangazi balikuwa banamushika mashavu. Nikamupiga foto pembeni ya dirisha, nikaweka mu publicité, na sikuichezea hata kidogo. Ile foto yenye uliona ukanilomba makopo ni foto ya kweli. Mais ilikuwa kweli ya mu nyumba.

Tarehe 29 ya mwezi wa munane akatoka. Alienda kusalimia shangazi kule Karavia, na miguu, jua kali. Mbele ya saa sita akasema sura inamuwaka sawa pilipili. Magaribi macho ilikuwa inafunga. Kesho yake ngozi ya mashavu ikaanza kubanduka, chini yake kwekundu, na pembeni kweusi sawa mukaa.

Tulimupeleka ku dispensaire. Infirmière akashika kopo, akanusa, akasema hii pomadi inaondoa ngozi ya juu. Mu kivuli unangaa, mu jua hauna kitu cha kukukinga. Kiisha akauliza: «Nani alikuambia ni muzuri?» Yaya Ramla akaangalia chini. Mi nilikuwa nasimama pale pale, na hakunitaja.

Sasa fikiri weye. Uko ndani sawa vile yee alikuwa. Kila mutu mwenye anaingia anakuambia unangaa. Na tarehe 20 batakutoa saa sita, mu jua ya mwezi wa kenda, mbele ya bantu bote.

Nilipiga simu mara ine. Telefone yako iko kwa Mama Amida, mwenye anakuchunga mupaka ndoa, na anasema bibi arusi haongee na banaume, hata ndugu. Nikamuelezea yee. Akasema: «Zakari, sauti yako ya kwanza ilisema pomadi ni muzuri. Sauti yako ya pili inasema ni mubaya. Nifuate gani?» Akakata.

Nilienda kwa papa Kapya pia. Akacheka. «Dada yako alikuwa na haraka, alipaka mingi. Kopo haina kosa.» Nikabandua foto ku ukuta wake na mikono yangu, na akanifukuza. Mais sasa iko mu telefone ya bantu ngapi? Juzi mwanamuke mumoja mu taxi akanionesha: «Angalia huyu, kijana. Siku makumi ine tu.» Alinionesha dada yangu. Nikamuambia yote, akasema nina wivu ya biashara. Na ile mégaphone, papa Kapya anaifunga ku pikipiki sasa. Natembea mbio, inanipita, inaongea na mudomo wangu.

Jana yaya Ramla akaniita. «Ulinipiga foto nikiwa nangaa. Njoo upige na hii.» Nikakataa. Akasogea yee mwenyewe ku dirisha, pale pale pa siku ile.

Foto iko mu hii bahasha. Muoneshe Mama Amida. Ile haina sauti.

Barua inaletwa na mama Edith, bibi ya Mwelwa, shofere wa kamyo ya unga. Yee ni mwanamuke, batamuacha aingie kwako. Umupe makopo yote mbili anirudishie, usiitupe inje, batoto bataokota. Kama ulifungua, usitoke mu jua, bakupeleke kwa muganga na kifuniko ku kichwa, na mulombe Alimasi ndoa ifanyike magaribi. Akiuliza juu ya nini, mutaje Zakari. Usinifiche sawa vile Ramla alinificha.

Unisalimie Mama Amida, hata kama anakasirika. Unisalimie Alimasi, na nkambo Kunda, muzee wetu, na batoto ba jirani. Baba na yaya Ramla banakusalimia sana. Mungu akuchunge, akufungulie mulango wa ndoa yako na sura yako yote.

Yale makopo niliyafunga mi mwenyewe na skoch ya bleu, ile ya kubandika, haifunguke bila kupasuka. Siku ya tano, Ijumaa, kamyo inarudi, nitakuwa ku parking tangu asubui. Sitamuuliza Mwelwa habari. Nitaangalia skoch.

Ndugu yako mwenye kukupenda,
Zakari