Damu ya Mkono Wenye Dripu

Jumanne, 4 Machi

Baba kalazwa tena. Sukari ilimshuka, akaanguka bafuni. Figo zilishakufa mwaka jana – mara tatu kwa wiki anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila mara anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Jana alifungwa. Leo kaniambia amechoka. Siyo amechoka leo. Amechoka, basi.

Shangazi hatoki kando ya kitanda, anamwombea kaka yake. Mimi na maombi tulishaachana kitambo, bila ugomvi. Nafanya kazi maabara, ghorofa ya juu ya wodi hiyohiyo. Kila kitu kina sababu, na sababu ina namba.

Jumatano, 5 Machi

Nesi kamdunga mara tatu, mshipa haupatikani. Baba akalia. Baba! Akasema aitwe mwanawe, ana mkono mwepesi. Nikashuka. Mkono wa kushoto haudungwi, ni wa mashine. Wa kulia una dripu. Nikachukua damu hapohapo, juu ya dripu. Mara moja tu. Hata hakuhisi.

Kreatinini – uchafu ambao figo huutoa kwenye damu – 410. Juzi ilikuwa 1,120!

Sikuhakiki. Nilikimbia na karatasi hadi wodini, ngazi nikiruka mbilimbili. Shangazi akapiga vigelegele, Mama akapiga magoti sakafuni. Baba akaniangalia mimi. Kasema haya siyo maneno ya shangazi yako, haya ni ya mashine yako. Nikaitikia. Nilifurahi mpaka kifua kikauma. Walipokuja kumpeleka kusafishwa damu, akakataa. Daktari kataka kurudia kipimo – akakataa na hicho.

Ijumaa, 7 Machi

Baba kajitoa hospitali. Daktari alimsihi wee, wapi! Kasaini kwa mbwembwe, kachana nywele, kaondoka kwa miguu yake.

Mchana nikafungua yale majibu kwenye kompyuta, nimwonyeshe mwenzangu. Chini ya kreatinini kuna sukari: 41, juu kupita kiasi. Mtu mwenye sukari hiyo hakai akicheka. Chumvi nayo chini mno. Juzi nilisoma mstari mmoja tu, ule nilioutaka.

Ile haikuwa damu yake. Ilikuwa damu na maji ya dripu, yale yenye sukari. Kila mwanafunzi anayeingia maabara namfundisha mimi: funga dripu, ngoja, ndipo uchukue. Wiki iliyopita nilimgombeza mmoja kwa kosa hilo hadi machozi yakamtoka.

Mwenzangu kasema nipige simu nyumbani sasa hivi. Nilishika simu. Sikupiga. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaambia. Nilikuta sebule imejaa watu wa maombi. Shangazi akanivuta mkono katikati: huyu hapa, asiyeamini, ndiye aliyeona kwa macho yake! Wote wakanigeukia. Nikasema nilikosea. Nikaeleza dripu, maji, sukari. Mpaka nilichora kwenye bahasha.

Kisha Shangazi kauliza, taratibu kabisa: na mkono wako, nani aliuongoza ukosee? Wakaitikia kwa sauti moja. Ukiwapa sababu, wanampa Mungu sababu hiyohiyo.

Mama kanifuata jikoni, kaninong'oneza nisimvunje mzee moyo.

Baba hakukasirika. Miguu imevimba, viatu havimwingii, pumzi fupifupi. Kanikalisha kando yake. "Mwanangu, siku sita sijafungwa kwenye lile dude. Hata kama umekosea, ahsante."

Nililia mbele za watu. Nikamwomba twende hospitali sasa hivi. Kasema atafikiria Jumanne. Nikamwomba damu basi, kidogo tu. Kasema njoo kesho asubuhi, leo ana wageni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemtoa damu kabla ya kazi. Hakuna dripu, hakuna chochote. Alinyoosha mkono akiwa amefumba macho, kanipigapiga begani. Mkono baridi.

Nimepima kwa mashine mbili. Kreatinini 1,640. Potasiamu 7.4 – moyo hauivumilii hiyo. Nimehakiki kila mstari, mmoja mmoja. Safari hii hakuna kosa, na ningetoa chochote liwepo.

Gari la wagonjwa limeshatoka. Wanasema nusu saa, barabara imefungwa upande mmoja.

Nimempigia Mama. Anaongea chinichini. Kasema Baba kalala tangu saa tatu, usingizi mzito, anakoroma kama kijana, hajalala hivi tangu augue. Nyuma yake Shangazi anashukuru. Nikasema Mama, huo siyo usingizi, mwamshe. Mtikise! Kasema mwache apumzike, Mungu kampa usingizi.

Nimepiga kelele. Maabara nzima imenigeukia. Mama kaweka simu kitandani, naona kaniogopa. Nangoja, naandika nyuma ya karatasi ya majibu. Namsikia anamwita. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu – kwa upole, asije akamshtua.