Shubiri Nane Zako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na neno jingine. Ungenitazama tu mpaka nirudi mlangoni nianze upya.

Benchi la Mama limekwisha. Lipo chini ya dirisha la chumba chenu, pale ulipochora ukutani kwa penseli ukasema, "Baada ya mavuno." Ni mavuno mangapi yalipita, Mama anajua. Sasa yuko eda, hatoki, na dirisha hilo ndiyo safari yake. Anakaa, anaegemea mto, anaona nani anatoka Sindeni kwenda Handeni, na nani kapakiwa kwenye baiskeli ya nani. Chini yake kuna sanduku. Mgeni huona kiti tu. Ukiinua kifuniko, mashuka yote ya nyumba yamo.

Sikulijenga kwa ajili ya Mama peke yake. Siku ya tatu baada ya kukuzika, baba mdogo Sefu aliingia karakana, akaweka mkono juu ya vyombo vyako. "Viti vya plastiki vimeshafika Kabuku," akasema. "Nani atakalia mbao? Na wewe ni mwalimu. Randa si chaki. Arobaini ikipita, navipeleka kwa fundi." Nilimwomba asubiri, nimwonyeshe kitu kimoja nitakachokitengeneza kwa vyombo hivyo. Alicheka, akakubali. Mimi sikucheka. Ubao wa randa yako umebonyea pale gumba lako lilipokaa miaka yote. Ningemwachaje mtu mwingine aweke gumba lake pale?

Basi kila Ijumaa baada ya vipindi nilipanda basi kutoka Korogwe. Maduka ya Korogwe siku hizi yana bawaba za kila namna, unachagua mpaka unachoka. Nilikukumbuka miaka ile ya kukosa kila kitu, ulivyokata raba ya tairi ukaipigilia kwenye mlango wa kabati badala ya bawaba. Kabati lile bado linafunga.

Sasa nikuambie kosa langu, maana Mama atakuambia siku moja, na atalitia chumvi.

Kwenye daftari lako uliandika: dirisha la chumbani, urefu shubiri nane. Futi kamba ilikuwepo, sikuigusa. Nilitaka kufanya kama wewe. Niliteremsha mbao za mninga ulizozikausha juu ya dari, nikapima shubiri nane, nikakata. Zote, kwa mchana mmoja, kwa fahari. Nilipozipanga chini ya dirisha, likabaki pengo la kupita mbuzi.

Mimi, Baba. Mimi ninayewafundisha watoto wa darasa la tatu kwamba shubiri ya mtu si ya mwenzake.

Nilikaa juu ya pumba za mbao nikalia. Mninga wako. Mama akaja, akatazama pengo, akatazama mkono wangu, akaanza kucheka. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia. "Mkono wa baba yako ulikuwa sahani," akasema. "Wako ni kisosi." Kisha akaokota kipande kimoja kati ya vile vilivyobaki nilipokata, akakisimamisha kwenye pengo. "Si hiki hapa, kilichopungua?"

Kilienea. Vyote vilienea.

Nikajenga kisanduku cha pili pale mwishoni, chembamba, bila bawaba wala kishikio. Hufunguka kwa kusukuma ubao mmoja pembeni, kama ulivyonionyesha kwenye sanduku la Bibi.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, Mama alihamia chumba cha pili ili baba mdogo apate kuingia. Alikaa. Aliruka-ruka kidogo. Mama akasema kutoka nyuma ya ukuta, "Shemeji, hilo si godoro." Alifungua kifuniko, akapitisha kidole kwenye viungo. Akagonga kile kisanduku cha mwisho. "Na hiki?"

"Urembo," Mama akajibu.

Alikivuta, hakikufunguka. Akasimama, akajikung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Kaka angeongeza msumari hapa," akasema, akaenda kunywa chai. Sanduku la vyombo hakuligusa. Unamjua ndugu yako. Hiyo ni sifa.

Mama ameshaweka kitu kwenye kile kisanduku cha siri. Nilimsikia akisukuma ubao. Sikuuliza, na nakuahidi sitafungua.

Nakuahidi na jingine. Jirani wa bondeni amelichungulia benchi kupitia dirisha, naye anataka la kwake. Nitalijenga likizo ijayo, na sitakata kwa hesabu ya mkono wa mtu mwingine. Kwenye daftari lako, mbele ya shubiri nane, nimeongeza neno moja: zako. Chini yake nimeandika: tisa na nusu, zangu.

Lala salama, Baba. Randa nimeipaka mafuta.

Mwanao,
Mwanaidi