Siku Mwaitu Alipoingia Darasani

Kitengela,
Jumatano jioni.

Mpendwa dada yangu Nzilani,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kukupigia simu ambazo hukushika, napenda kuutangazia ukoo wetu wote, kuanzia Kajiado hadi Mbooni, kwamba muhula mpya umefunguliwa rasmi. Ufunguzi ulifanyika Jumatatu alasiri katika chumba changu cha kulala, kati ya kitanda na kabati. Mgeni wa heshima alikuwa mimi. Mwalimu mkuu alikuwa mimi. Nilivaa shati jeupe, koti la harusi yangu ambalo siku hizi halikubali kufungwa vifungo, na tai mpya ya buluu. Huko chini nilivaa kaptula na patipati, maana kamera haina haja na magoti ya mzee. Hotuba ilitolewa na jogoo wa jirani, tena bila kualikwa.

Baada ya tangazo hilo, u hali gani dada? Natumaini miguu imeacha kuvimba, ingawa najua mkikosa watu wodini wewe ndiye husimama tangu asubuhi hadi jua lizame. Shemeji Mbithi naye yuko aje? Na bibi harusi wetu Whitney, bado anakula, au ameshaanza kujinyima ili gauni limkae? Mwambie mjomba wake anasema wale mbuzi hawaletwi kwa sababu ya kiuno. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengine utayasoma mbele.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi na umekata. Barua huwezi kuikatiza. Ataileta Musila, anayekuja huko mnadani kununua mbuzi, na nimemwonya asiifungue, kwa hivyo ukiona gundi imelegea ujue ni yeye.

Hujawahi kuniuliza vizuri kazi yenyewe ninaifanyaje, unaniita tu mwalimu wa hewani. Tangu ile shule niliyokuwa nikifundisha ifungwe, niko na wanafunzi wanne huko Hanoi, nchi ya Vietnam, watoto wa miaka mitano na sita. Mimi nikiwa sijanywa chai ya alasiri, wao wameshakula cha jioni na kuvaa nguo za kulalia. Nawafundisha Kiingereza kupitia kompyuta. Mmoja anaitwa Linh, hana meno ya mbele, na kila nikitokea kwenye skrini hupiga makofi kana kwamba nimeshuka kutoka mbinguni. Nikifundisha wanyama lazima niwe huyo mnyama. Jirani yetu Wanyonyi akikutana nami getini huniuliza, "Mwalimu, leo ulikuwa ng'ombe ama punda?" Nikimwambia punda, anasema alidhani, maana ng'ombe wa jana alikuwa na heshima kidogo.

Shida si watoto. Shida ni wazazi. Hukaa nyuma ya watoto wamekunja mikono, na somo likiisha humpa mwalimu nyota. Nyota zikipungua, kampuni haikufukuzi, hapana, wana adabu. Wanakusahau tu. Kwa hivyo nimejipamba kidogo. Nyuma yangu nimetundika shuka niliyoinunua hapa sokoni, imechorwa kabati la vitabu, nami huwaambia kwamba hapo ni ofisini kwangu. Baba mmoja aliwahi kuniuliza kile kitabu chekundu kinene kinahusu nini. Nikamwambia historia. Cheka, nimekuruhusu, maana baadaye hutataka.

Sasa nije kwenye ile sauti uliyonitumia kwenye simu Jumapili. Niliisikiliza nimesimama, kwa sababu nilipokaa nilihisi unaniona. Ulisema Mwaitu alikuja kwangu kupumzika baada ya mavuno akae mwezi, na hata wiki haikuisha akaomba aletwe kwako. Ulisema kila ukimwuliza anajibu kwamba maji ya Kitengela yana chumvi, chai haiivi, na kwamba wewe si mtoto, chumvi haimwondoi mzazi kwa mwanawe. Ulisema umemkuta akila jikoni kwako amesimama na sahani mkononi, na ulipomwita mezani alisema hapo panamtosha. Ukauliza kama kwa akina Kathini ndivyo wanavyowalisha mama wakwe. Ukamalizia kwamba huyo bibi yangu asikanyage kwenye ntheo ya Whitney, kwamba siku mbuzi wa mahari wanaletwa nije peke yangu kama mgane.

Kathini aliisikia yote. Simu yangu unaijua, spika yake ni ya kanisa. Alichukua kile kitenge alichoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, akakikunja, akakirudisha ndani ya sanduku. Halafu akakaa kitandani, akaanza kuniuliza. Je, ni chapati, labda zilikuwa ngumu kwa meno ya mama? Je, ni kitanda? Je, ni kwa sababu yeye hutoka alfajiri kwenda kufunga maua kule Isinya na kurudi mama ameshakula? Tumeishi na Mwaitu vizuri miaka yote hii, akasema, sasa nimemkosea nini? Nami nikamwangalia usoni, nikamwambia nafikiri ni maji.

Kabla sijaendelea nakuomba mambo mawili, na nayaomba sasa kwa sababu ukimaliza kusoma hutakuwa na hamu ya kunifanyia lolote. La kwanza, umpigie Kathini kabla hujanipigia mimi, umwombe msamaha, na umwambie kitenge kitoke sandukuni. Usimtumie sauti, ongea naye. Mimi nitamwambia mwenyewe leo akirudi, kwa hivyo barua hii ikikufikia atakuwa anajua. La pili, usimwambie Mwaitu kwamba Jumamosi nakuja huko. Akisikia nakuja ataanza kunipikia, na siwezi kula chakula chake kabla sijasema ninachokuja kusema. Jumamosi nina somo. Nimeshawaambia sitafundisha, na nyota wazigawane.

Haya. Mambo yalikuwa hivi.

Kathini hakuwepo. Alikuwa kazini. Nyumbani tulikuwa mimi na Mwaitu, na somo la siku hiyo lilikuwa furaha, hasira na huzuni. Mtoto mdogo huwezi kumweleza huzuni, lazima ulie. Basi nikalia. Unanijua, kitu nikikifanya nakifanya. Nilifunika uso, nikatingisha mabega, nikapiga kwikwi mpaka Linh akaanguka nyuma kwa kicheko. Mwaitu nilikuwa nimemwambia kwamba niko kazini. Sikuwa nimemwambia kwamba kazi yenyewe ina kilio.

Alikuwa nje, nyuma ya nyumba, anapepeta mbaazi alizokuja nazo. Akasikia mtoto wake analia. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia na leso yake ya kazi kiunoni, mikono imejaa vumbi la mbaazi, akanishika kichwa akakibana kifuani mwake, mbele ya Hanoi nzima, huku ananiuliza kwa Kikamba ni nani amekufa.

Watoto walifurahi kuliko siku zote. Walisogea mpaka pua zikagusa skrini, wakapunga mikono, na kwa Kiingereza nilichowafundisha mimi mwenyewe wakamwamkia kwa pamoja: habari yako, nyanya! Kwao, nimekuja kujua, kila mama mzee ni nyanya, hata yule anayewauzia mboga. Na sisi je, si tulilelewa hivyo hivyo, kila mzee wa kike kijijini tukimwita Susu? Mwaitu akaangalia zile nyuso ndogo, akaanza kutabasamu. Alikuwa bado amenishika.

Mimi sikuziangalia nyuso ndogo. Niliwaangalia wazazi. Niliwaona wameinama mbele kutazama vizuri. Niliona ile leso iliyopauka. Niliona shuka yangu ya vitabu imevutwa upande mmoja, na ukuta wetu unaobanduka rangi uko wazi. Nikajitoa mikononi mwake. Na kwa ile sauti yangu ya darasani, ile ya polepole, nikawasahihisha. Nikasema hapana, watoto, huyo si nyanya. Huyo ni hausigeli wetu.

Mwaitu hajui Kiingereza, ndivyo tunavyowaambia watu. Lakini wewe na mimi tunajua alivyofanya kazi za nyumbani Rongai kwa akina Nalianya, tukiwa tumeachwa kwa Susu, ili ada yetu ipatikane. Watu wale hawakuwa wabaya. Lakini kila mgeni alipoingia sebuleni na Mwaitu yuko hapo, aliambiwa maneno hayo hayo, kwa lugha hiyo hiyo, yeye amesimama. Hayo anayajua. Na mimi, Nzilani, niliyasema polepole. Niliyatamka vizuri.

Hakukasirika. Afadhali angenizaba kofi. Mikono yake ilishuka tu. Akarudi nyuma mpaka akatoka kwenye picha, akafumbata viganja mbele ya leso, akainamisha kichwa kuelekea kompyuta, kwa wale wazazi, akatoka bila kuwapa mgongo. Mlango akauvuta taratibu usipige kelele. Ningeweza kuinuka. Nilikuwa na miguu. Nilinyoosha shuka, nikawaomba wazazi radhi kwa usumbufu, nikawauliza watoto, tulikuwa tumefika wapi?

Tulikuwa tumefika kwenye furaha. Niliifundisha. Nilicheka, wakacheka, na tukiwa katikati ya kicheko nikasikia mlango unagongwa. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Mwaitu akigonga mlango ambao mimi niko nyuma yake. Aligonga, akangoja. Nami sauti ile ilikuwa bado iko mdomoni, nikamwambia kwa Kiingereza aingie.

Akaingia na chai kwenye trei. Aliiweka ukingoni mwa meza, mahali ambapo watoto wasingeiona, akatoka. Jioni Kathini alipomkaribisha mezani, alisema ameshakula. Kesho yake pia. Kathini alidhani ni uchovu wa safari. Mimi nilijua, na nikala.

Hao watoto bado wanaamini nilichowaambia. Hilo nitalirekebisha, lakini kwanza nianzie huko kwako.

Msalimie shemeji, msalimie Whitney, na wote wa hapo wanaonitambua. Mwaitu usimfikishie salamu zangu. Hizo nitazileta mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako,
Masila.