Aliyecheka kwenye Msiba wa Bibi Nkandu

Mtaa wa Kenya, Lubumbashi,
Tarehe 22 Julai 2024

Mpendwa dada yangu Habiba,

Salaam aleikum. Habari za Kigoma, habari za shemeji na watoto? Na mama yako, shangazi Rehema, je, magoti yake yameacha kulalamika? Sisi hapa wazima, isipokuwa baridi. Julai ya mwaka huu imekuja na hasira: asubuhi mtu akikusalimu, mvuke unatoka mdomoni kabla ya maneno. Mke wangu Nono anavaa sweta mbili, na ya pili ni yangu.

Kabla ya yote, ninalo tangazo. Kaa chini, na shemeji naye akae. Kwa heshima na taadhima nakuarifu kwamba mimi, Sumaili, ndugu yako wa damu, nimeteuliwa kwa kauli moja kuwa Mlinzi Mkuu wa Viti vya Plastiki vya avenyu yetu, vile vya matanga na harusi. Hakukuwa na mgombea mwingine. Nilichelewa mkutanoni, wakanichagua nikiwa bado njiani. Viti vimepangwa chumbani kwetu hadi kwenye dari, na Nono anasema kumbe aliolewa na stoo. Ukiandika bahasha, tafadhali usisahau cheo.

Haya. Nimetania vya kutosha. Sasa nisikilize: barua hii usiisome kwa sauti mbele ya mama yako. Isome kwanza peke yako. Ndiyo maana sikutuma sauti kwa simu. Simu ya nyumba yenu inasikilizwa na sebule nzima, na shangazi ndiye wa kwanza kuinyakua. Nimempa barua Faustin, dereva wa lori. Akitoka salama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, atampa mwenzake wa Tunduma, naye atakufikishia.

Unajua kazi zangu. Mchana nashona sare za shule, na kila Ijumaa jioni nina mchezo wa kuigiza kwenye redio ya mtaa. Wasikilizaji wananiita mwandishi, nami sikatai, ingawa mwaka jana shujaa wangu alikufa katika kipindi cha pili na katika cha tano akaonekana anakula bukari, ugali wa huku kwetu.

Safari hii niliamua kuandika habari za kwetu: kambi ya wafanyakazi wa mgodi, enzi za bibi yetu Nkandu. Nakuapia nilijitahidi. Niliulizia king'ora cha zamu kililiaje, wanaume walivaa kofia gani, mkate wa kambi ulikuwa wa umbo gani, moshi wa bomba kubwa ulielekea wapi wakati wa kiangazi. Kilele cha mchezo sikukitafuta, nilikuwa nacho tangu utoto: msiba wa bibi, kama mama yako alivyotuhadithia.

Unaikumbuka hadithi yenyewe. Bibi alikuwa Mbemba, akaolewa na babu yetu, Mwislamu wa watu wa Maniema, akasilimu. Alipofariki, shangazi Rehema alikuwa katoto ka kung'oka meno ya mbele. Wanawake wako ndani wanamwosha maiti, wazee wako uani wanasoma, mara anaingia jirani mmoja, jina lake Chishimba, amejifunga kitenge cha kike, anacheka. Anamtukana marehemu, anamwita mbuzi. Analala chali mlangoni, jeneza halina pa kupita. Wanaume wetu wakampiga, wakamtupa nje kwenye matope. Kesho yake akarudi, wakamfukuza tena. Tangu hapo jina lake likawa tusi la ukoo. Mimi nawe tulipocheka mahali pasipofaa tuliambiwa, “Acheni Uchishimba!” Nilikuwa nimeanza kunyoa ndevu ndipo nikajua kwamba Chishimba lilikuwa jina la mtu.

Basi nikampeleka redioni kwa jina lake hilo hilo. Na kwa kuwa kipindi kilipungua dakika mbili, nikamwongezea wizi: nikaandika kwamba aliondoka na hereni za bibi. Sauti yake nilijipangia mwenyewe, na kicheko nikakifanya cha fisi. Kipindi cha kwanza kiliishia Chishimba akipiga hodi huku anacheka. Mtangazaji akawaambia watu waje Ijumaa inayofuata wausikie msiba wenyewe.

Kesho yake, Jumamosi, wakaja wanaume watatu kwa pikipiki kutoka Ruashi. Walisalimia kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mkubwa wao, Ngosa, alikataa kiti. Mimi, mwenye viti vyote vya avenyu!

“Papa Sumaili, njo weye unachekaka mu radio?”

“Njo miye.”

“Ule Chishimba iko mujomba ya mama yetu, Mama Mutale. Njo yee alimulea.”

“Bo, kaka, iko mchezo tu...”

“Mama alisema tusigombane na weye. Alisema vendredi, siku ya mchezo, atakuya yee mwenyewe kule ku radio. Usibadirishe hata kitu. Anataka kusikia vile uliandika.”

Wakawasha pikipiki, wakaenda.

Habiba, wiki ile usiniulize nililalaje. Nono alivitazama viti vya avenyu, akanifariji kwa namna yake: “Bakikukamata, miye nitabakia na biti.” Émile, mkuu wa redio yetu, alifurahi kama mtu aliyepata mtoto: “Papa Sumaili, bantu yote banaongelea ile kipindi! Vendredi tunapitisha directe, hakuna kurekodi.” Nilitaka kuufuta ule wizi. Nikiufuta, mama yule atajua tu, watu wamekwisha kumwambia nilivyokuwa nikijisifia hereni zile kwenye baraza la mafundi. Nikiuacha, nitamwita mjomba wake mwizi mbele ya macho yake, na mtaa mzima ukisikiliza. Jina la mtu aliyekufa lilikuwa mkononi mwangu, wala sikujua kama ni safi au chafu.

Ndipo swali likaja ambalo sikuwahi kujiuliza: nani aliniambia? Aliniambia mtu aliyekuwa mtoto wa meno ya kung'oka. Na Ruashi si Ulaya. Unapanda basi dogo hapa sokoni, unashuka kule. Sikwenda hata siku moja kumuuliza mtu wa upande wa pili, kwa sababu kwetu mlango wa akina Chishimba haukanyagwi. Umbo la mkate nililijua. Yule mtu alikuwa anafanya nini pale mlangoni, sikujua, wala sikuona kwamba sijui. Historia niliyoitafuta ilikuwa ya king'ora na bomba la moshi. Ile ya watu jinsi walivyokuwa wakizikana, niliiruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Jumatano nilipiga simu kwenu. Shangazi akapokea. Nikamuuliza habari za magoti.

Ijumaa ikafika. Studio yetu unaijua, chumba kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani. Mama Mutale aliingia na wanawe. Ni mwanamke mdogo wa umbo, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Akaketi kwenye kibago palepale mlangoni, hakuna wa kutoka. “Endeleeni,” akasema.

Taa nyekundu ikawaka. Nikasoma. Waigizaji wenzangu wa kike wakalia vizuri, wa kiume wakasoma vizuri kama wazee, nikafika kwenye kicheko. Kilichonitoka, dada yangu, hakikuwa cha fisi wala cha mtu. Kilikuwa kama cherehani iliyokatikiwa na uzi.

“Simama,” akasema Mama Mutale. Émile alipeleka kidole aweke muziki, kisha akakirudisha. “Weye iko nani kwa Nkandu?”

“Njo bibi yangu. Muzaa baba.”

“Kumbe! Basi weye hauko mbuzi. Weye iko mutoto ya mbuzi tu. Masikio ya mbuzi unayo, akili ya mbuzi ulikosa!”

Wanawe wakaangua kicheko. Mtaa wote unasikiliza natukanwa, nami sijui kama nachekwa au nahukumiwa.

Akasogea kwenye kipaza sauti, na akaeleza taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Bibi yetu alikuwa wa ukoo wa mbuzi. Chishimba alikuwa wa ukoo wa chui. Koo hizo mbili ni banungwe, watani wa kuzikana: maisha yote wanatukanana, na mmoja akifa, mwingine ndiye anayekuja kuchekesha, kuziba mlango, kusumbua, mpaka wafiwa wapate kupumua na kutia kitu mdomoni. Watu wa bibi walikuwa mbali vijijini, hakuna aliyewahi kufika. Katika kambi nzima, wa kumtendea bibi kama kwao wanavyotendeana alikuwa Chishimba peke yake. Alijua ni nyumba ya Waislamu na hawatamwelewa. Mkewe alimkataza. Akachukua kitenge cha huyo huyo mkewe, akajifunga, akaenda.

Kisha Mama Mutale akayasema maneno ya mjomba wake, kwa sauti kubwa, mkono kiunoni:

“Ee Kifo, muizi weye! Umekula mbuzi yangu, na miye chui niko nalala na njala? Na weye Nkandu, mbuzi mulafi, hata leo unanikimbia? Bamama ya mule ndani, munioshe na miye, niende naye!”

Émile alikuwa anacheka huku anafuta macho. Nami nikaanza kupumua. Ndipo mama yule akanigeukia, na utani ukawa umekwisha usoni.

“Na hizi herini, uliziona wapi?”

Nikasema hadharani, kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia, kwamba sikuziona popote. Nilizitunga. Kipindi kilipungua dakika mbili.

“Dakika mbili,” akasema. Akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo. “Mujomba wangu alibeba ile matope mpaka kufa kwake. Na weye ukamuongezea herini, juu ya dakika mbili.”

Hiyo ndiyo hukumu yangu, na sikukata rufaa. Nilimwomba msamaha palepale, yeye na jina la mjomba wake, mtaa ukisikia.

Sasa Mama Mutale anaomba jambo, na ndilo linalonifanya niandike. Kwao ukoo hupitia kwa mama. Kwa hiyo mimi si kitu, ila mama yako ni mbuzi halisi, na wewe pia, pole sana. Anaomba shangazi Rehema ampigie simu ili yeye, chui kama mjomba wake, amtukane. Kazi ya mjomba wake ilikatizwa, anataka kuimaliza kabla hajafa. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mchezo nimeuandika upya, lakini sitausoma redioni mpaka shangazi aseme ndiyo.

Najua salamu hukaa mwisho, lakini leo nazitanguliza, kwa maana baada ya hapo sitakuwa na la kuongeza. Nisalimie shemeji, msalimie Djafari mdogo na dada zake, mwambie shangazi kwamba Nono anamkumbuka kila anapopika mboga ya sombe. Mungu awalindie nyumba yenu, awape usingizi mzuri wote mliomo.

Na sasa ukweli wote, kama ulivyokuwa, maana hapa mtaani watu wananipongeza. Wanadhani nilimwalika yule mama makusudi, kwamba yote yalikuwa sehemu ya mchezo. “Papa Sumaili, ile ilikuwa ya akili!” Nami, Mungu anisamehe, mara mbili tatu nimeitikia asante. Sikupanga kitu. Ningeusoma ule wizi hadi nukta ya mwisho, kwa aibu tu ya kuonekana nilikosea, kama sauti isingenifia.

Na lililo kubwa halikwenda hewani. Taa ilipozimwa, Mama Mutale alinishika mkono akanieleza alichokiona mwenyewe siku ile. Alikuwa msichana mdogo, amechungulia kwenye ua. Chishimba alipolala mlangoni na kusema “munioshe na miye”, wanaume wetu walikuwa bado wamekaa, wameduwaa. Kando ya ukuta alikuwapo mtoto wa marehemu, mapengo mbele, tangu jana yake amekataa chakula. Mtoto huyo akacheka. Akacheka kwa sauti, mpaka akashika tumbo. Hapo ndipo wanaume walipoinuka. Hawakumpiga Chishimba kwa matusi yake. Walimpiga kwa sababu ya kile kicheko, na mtoto akawa anaangalia.

Habiba, mama yako ametusimulia msiba ule miaka yote, na hakuna siku aliyosema kwamba alicheka. Simwiti mwongo. Huenda kumchukia Chishimba kulikuwa kwepesi zaidi kwake. Ukimwambia, usianze na chui na mbuzi. Subiri awe ameshiba na watoto wametoka, umwambie kwanza kwamba hakuna kosa alilofanya. Maana Mama Mutale anasema, kila watu walipomcheka mjomba wake kwamba alikwenda kuchekesha akaambulia kipigo, hata uzeeni kule Ruashi, yeye aliwajibu neno moja tu, tena kwa kujivuna: “Nilipata mumoja.”

Ndugu yako, anayekupenda kuliko anavyokuandikia,

Sumaili